Mtu huingiwaje na mapenzi ya mbio za farasi? Jibu kwa mama wa Langoni

Swali: Assalamu alaykum, Daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkaazi wa Langoni, Lamu. Mwanangu wa pili anasoma chuoni Nairobi, huu ni mwaka wake wa pili. Hapa kwetu hakupata hata siku moja kumgusa farasi. Mnyama aliyemjua ni punda wa babu yake, waliokuwa wakibeba mawe na mchanga. Sasa kila Jumapili ya mashindano yuko uwanja wa Ngong, na akipiga simu mazungumzo ni farasi tu: huyu kaongezewa uzito, yule kabadilishiwa mpandaji. Nilimuuliza kama anabeti, akacheka, akasema simwelewi. Ningependa kujua, mtu ambaye hakuzaliwa na jambo hili huingiwaje nalo? Na je, nihofu?

Jibu: Wa alaykumu ssalaam, mama. Maswali yako ni mawili, nami nitalijibu la kwanza kwa urefu, kwa sababu la pili halijibiki mpaka hilo lieleweke. Niliwatibu farasi wa mashindano Nairobi kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani Malindi, na katika miaka hiyo niliwaona watu wa kila aina wakinaswa: mawakili, madereva, wake za wafugaji, watoto wa watunza mabanda. Ni nadra sana mtu kuanza kwa kumpenda farasi. Huanza kwa kupelekwa na mtu, kisha macho yake yakafunzwa namna ya kutazama, kisha siku moja, bila ya yeye kupanga, akapata farasi mmoja ambaye moyoni mwake ni wake. Asiyepita njia hiyo huenda akahudhuria mara tatu nne kwa ajili ya chakula na mavazi, kisha akapotea.

Kabla sijaendelea, niruhusu nikupinge kidogo. Umesema kijana hakuzaliwa na jambo hili. Mtoto aliyekulia Langoni amezaliwa nalo, ila kwake lilikuwa na masikio marefu zaidi. Tangu alipokuwa akibebwa mabegani amesimama bandarini siku za Maulidi ya Mfungo Sita na siku za tamasha la utamaduni, akiwatazama vijana waliopanda punda bila tandiko wakishuka kwa kasi katika njia ya pwani, umati upande mmoja na bahari upande wa pili. Amemwona punda aliyekuwa akiongoza akisimama ghafla kwa sababu anazozijua mwenyewe, na aliyekuwa wa nne akapita akashinda. Zaidi ya hayo, amesikia wanayosema wakubwa kabla ya mbio: huyu ana pumzi lakini anaogopa kelele; yule hakubebeshwa mzigo wiki nzima, kwa hiyo leo mguu ni mwepesi; huyu angeshinda lau mpandaji wake angekuwa na subira. Maneno hayo hayo niliyasikia Ngong kila Jumapili, kwa Kiingereza, kwa Kigujarati na kwa Kikuyu. Anayeyaelewa kwa punda anayaelewa kwa farasi, na nina hakika kwamba mwanao, siku ya kwanza aliposimama kwenye uzio wa Ngong, alishangaa zaidi kwa jinsi alivyojiona yuko nyumbani kuliko kwa ugeni wa mahali.

Farasi mwenyewe hakukaa pwani yetu kwa wingi, na sababu ni maradhi. Usubi, wale wadudu wadogo wanaouma jioni, hueneza ugonjwa wa virusi ambao huua sehemu kubwa ya farasi wanaoupata bila kinga, ilhali punda huustahimili vizuri zaidi. Na mbung'o nao hueneza nagana. Nyanda za juu zenye baridi zilimfaa farasi zaidi, na hata huko huchanjwa. Kwa hiyo watu wetu walimsikia farasi katika tenzi na hadithi za vita, na mizigo yao wakampa punda. Huo ni mgawanyo wa wadudu, wala hauhusiani na tabia za watu.

Sasa, kupelekwa. Ukimuuliza mshabiki yeyote ameanzaje, jibu lake litakuwa na mtu ndani yake. Beryl Markham, ambaye dunia inamkumbuka zaidi kwa kuvuka Bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka 1936, alikulia Njoro katika mabanda ya baba yake aliyekuwa akifunza farasi wa mashindano, na alipofika miaka 18 alikuwa tayari na leseni yake mwenyewe ya ufunzaji. Huyo alirithi. Walio wengi hawarithi, huchukuliwa na mjomba, na mwenzi wa kazini, na mwenye chumba jirani bwenini, kwa kuambiwa tu, «Jumapili huna kazi, twende.» Uwanja wa Ngong, unaotumika tangu 1954 baada ya mashindano kuhama kutoka uwanja wa zamani wa Kariokor, ni mahali panapomkaribisha mtu wa namna hii kwa urahisi: pana nyasi, pana miti, watoto wanakimbia, na asiyejua chochote haonekani mjinga kwa sababu hakuna anayemtazama yeye.

Lakini kufika siko kuona. Mbio za mita 1,200 huchukua dakika moja na sekunde chache. Mgeni hushughulika kutafuta fulana ya kijani aliyoambiwa aiangalie, na kabla hajaipata kelele zimepanda, farasi wamepita, na watu wanarudi kukaa. Nimewaona wengi waliotoka siku ya kwanza wakiuliza kama hiyo ndiyo yote. Na kwa kweli, kama alitazama kuanzia mlango wa kuanzia hadi mstari wa mwisho tu, hiyo ndiyo yote. Mbio huanza nusu saa kabla ya kuanza, pale farasi wanapotembezwa kwa mzunguko mbele ya watu, na hapa ndipo yule aliyekuleta anapokuwa mwalimu. Anakuambia utazame mwendo: mguu wa nyuma unakanyaga mbele ya alama ya ule wa mbele, au unafika pungufu? Utazame masikio, kama yanacheza kwa udadisi au yamelala kwa hasira. Utazame jasho: kidogo shingoni siku ya joto si kitu, lakini povu jeupe baina ya mapaja ya mnyama ambaye hajakimbia hata hatua moja maana yake ameanza kujitumia kabla ya kazi. Utazame misuli ya makalio, na mng'aro wa manyoya, na mtunzaji aliyemshika hatamu, kwa sababu mtunzaji hujua mengi, na uso wake mara nyingine husema. Mtu aliyetazama hivi mara moja, akachagua farasi moyoni, kisha akaona alichochagua kikitokea au kisitokee, huyo amekwisha. Jumapili ijayo atarudi bila kuitwa.

Kinachofuata ni kitendawili cha uzito, na naona mwanao amefika hapo. Katika mashindano mengi, kuna afisa ambaye kazi yake ni kumpa kila farasi uzito wa kubeba kulingana na uwezo alioonyesha: aliyeshinda vizuri huongezewa, aliyeshindwa hupunguziwa, na nyongeza hiyo huwa ni vipande vya madini ya risasi vinavyotiwa katika tandiko juu ya uzito wa mpandaji. Nia ya afisa, kama kazi yake ingefanikiwa kikamilifu, ni farasi wote wafike pamoja. Haifanikiwi kamwe, na hapo ndipo raha ya mjuzi ilipo. Farasi mzima ana kilo mia nne na hamsini au zaidi. Kilo mbili za risasi zinaweza vipi kumzuia? Zinaweza, katika mita mia mbili za mwisho, pumzi inapokuwa imebaki ya kuhesabu. Na mpandaji je? Mwenye subira humficha farasi nyuma ya wengine asipigwe na upepo, kisha akamtoa kwa wakati. Asiye na subira hummaliza kwenye kona. Hayo ndiyo anayokuambia kwenye simu. Mfikirie kama mzee wa bao pale Mkunguni: anayepita huona watu wawili wakihamisha kete, lakini aliyekaa anaona hatua sita mbele.

Akili peke yake, hata hivyo, haifanyi mshabiki, hufanya mhasibu. Moyo hushikwa na farasi mmoja. Na si lazima awe bingwa, jambo ambalo wageni wa mchezo huu hawaliamini mpaka waonyeshwe.

Huko Japani alikuwapo farasi jike aliyeitwa Haru Urara, akikimbia katika uwanja mdogo wa mkoani wa Kochi uliokuwa ukielemewa na madeni. Alikimbia mara 113 katika maisha yake na hakushinda hata mara moja. Karibu mwaka 2003 habari zake zilienea nchi nzima, na watu wakaanza kusafiri kwenda kumwona akishindwa. Machi 2004 mpandaji mashuhuri kuliko wote nchini humo, Yutaka Take, alikwenda kumpanda, uwanja ukafurika watu, naye akamaliza wa 10 kati ya 11. Walionunua tiketi za dau kwa jina lake hawakuzitupa: walizitia garini kama hirizi, kwa sababu katika Kijapani neno linalotumika kwa tiketi «kupata» ndilo linalotumika kwa gari «kugonga», na tiketi ya Haru Urara haikupata kamwe. Wengi wa watu hao walikuwa hawajawahi kukanyaga uwanja wa farasi. Waliingia kwa mlango wa huruma, wakiona katika mnyama anayerudi kila mara kushindwa, na bado akakimbia kwa bidii, jambo wanalolijua nyumbani kwao.

Mwingine ningependa umjue, kwa kuwa habari zake zina mchanga na maji ya chumvi. Red Rum alikuwa farasi wa kuruka viunzi huko Uingereza, mwenye maradhi ya mfupa wa ukwato ambayo kwa kawaida yangemwondoa mashindanoni. Mfunzaji wake, Ginger McCain, alikuwa muuza magari na dereva wa teksi, na banda lake lilikuwa nyuma ya duka la magari katika mji wa Southport. Kwa kukosa uwanja wa mazoezi, alimkimbiza ufukoni na kumpitisha baharini. Maji baridi ya chumvi na mchanga mororo vilimfaa ukwato wake. Akashinda Grand National, mbio za karibu kilomita saba zenye viunzi 30, mwaka 1973 na 1974, akawa wa pili 1975 na 1976, kisha watu walipokwisha kumwona mzee akashinda tena 1977. Hakuna farasi mwingine aliyeshinda mbio hizo mara tatu. Waingereza wasiojua lolote kuhusu farasi walimjua huyu. Nami kila nikija Lamu nikaona kijana amempeleka punda wake majini jioni kumwosha, namkumbuka, na namwambia kijana asiharakishe kumtoa.

Ipo hatua nyingine inayofuata kwa wachache, ya nasaba, na sitakaa nayo sana ingawa ningeweza kukesha. Farasi wote wa mashindano wa aina iitwayo Thoroughbred duniani, ukifuata ukoo wa baba kwa baba, hurudi kwa madume watatu walioletwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18. Mmoja wao, Darley Arabian, alinunuliwa Halab katika Sham na kusafirishwa mwaka 1704, na wengi mno wa farasi wa leo ni wa ukoo wake. Watu wa Lamu hawahitaji kuelezwa kwa nini mtu akumbuke ukoo wa vizazi thelathini.

Na wapo wanaoingia kwa ajili ya watu wenzao zaidi ya mnyama. Morisi, katika bahari yetu hii hii, mbio zilianzishwa Champ de Mars, Port Louis, mwaka 1812, miaka miwili tu baada ya Waingereza kukitwaa kisiwa kutoka kwa Wafaransa, na moja ya makusudio ilikuwa kuwakutanisha washindi na walioshindwa mahali ambapo wangeweza kushindana bila ya bunduki. Baadaye kisiwa kizima kiliingia: wenye asili ya India, ya Afrika, ya China. Huko mtu huwa mshabiki kwa sababu watu wa kwao wana banda wanaloliunga mkono, kama vile Mkomani na Langoni wanavyojua kutaniana. Kijana aliye peke yake Nairobi, mbali na baraza za kwao, anahitaji baraza. Inawezekana kabisa ameipata kwenye uzio wa Ngong, na kama ni hivyo, farasi ni nusu tu ya sababu.

Sasa la pesa, ambalo najua ndilo lililokunyima usingizi. Sitakudanganya kwamba halipo. Ngong watu huweka dau, na neno hilo kwetu ni chombo cha baharini, lakini hili la huko huzama mara nyingi zaidi. Katika utaratibu wa kuchangisha, madau yote hukusanywa pamoja, uwanja hukata sehemu yake kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa kwa waliopatia. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu: wachezaji wote wakijumlishwa lazima watoke na kidogo kuliko walichoingia nacho. Kidini unalijua kuliko mimi, kwamba kamari ni kamari. Lakini ujue pia kwamba mbio zenyewe si haramu. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwashindanisha farasi waliofanyishwa mazoezi kutoka Hafyaa hadi Thaniyyatul-Wadaa, na wasiofanyishwa akawapangia masafa mafupi zaidi, na Ibn Umar alikuwa miongoni mwa walioshindana. Dubai, ambako mbio za Dubai World Cup hukimbiwa tangu 1996, hakuna kubeti uwanjani. Watazamaji hujaza karatasi za kutabiri bila malipo, na majukwaa hujaa. Kwa hiyo anayesema kwamba bila kamari hakuna mshabiki, hajatembea.

Nimetumia kipimo kimoja kwa miaka mingi, na sijapata kizuri zaidi. Katika maduka ya kubeti na kwenye simu kuna siku hizi mbio za farasi wa kompyuta, wanaokimbia kila baada ya dakika chache usiku na mchana, wanyama ambao hawakuzaliwa wala hawatakufa. Mcheza kamari huwatazama hao kwa hamu ile ile anayowatazamia wa kweli, kwa sababu yeye anasubiri namba. Mshabiki hawezi kukaa nao dakika tano. Hawana jasho, hawana masikio, hawana mama. Muulize mwanao anawaonaje, kisha usikilize sauti yake kuliko maneno yake. Usikilize pia anazungumza lini: mcheza kamari huzungumza baada ya mbio, na habari zake ni alichokosa, mshabiki huzungumza siku mbili kabla, kama anavyofanya wako, na habari zake ni sababu.

Hata hivyo ningekuwa sikutendei haki kama ningeishia hapo, kwa kuwa nimewaona wajuzi wa kweli wakifilisika, na waliangamizwa na ujuzi wenyewe. Asiyejua huweka shilingi mia na kucheka. Anayejua hujiambia kwamba yeye habahatishi, na siku moja huweka karo. Kwa hiyo mambo ya kawaida uyaulize kama unavyoyauliza kila siku: kodi ya chumba imelipwa, karo imefika, kuna rafiki anayemdai? Majibu ya haya yakiwa sawa, na alama zake za masomo hazijashuka, mimi nisingehofu. Wala nisingemkataza, maana ukimkataza ataendelea kwenda ila ataacha kukupigia simu, na simu hizo ndizo zinazokuonyesha aliko.

Ningekushauri badala yake uingie kidogo katika jambo lake, kwa sababu kama nilivyosema, mtu huanza kwa kupelekwa, na huwa tayari sana kumpeleka mwingine. Akija nyumbani kwa Maulidi, usimwache aende bandarini na wenzake peke yao. Simama naye kabla punda hawajaachiwa, umuulize nani atashinda na kwa nini. Jiandae, jibu litakuwa refu. Na bado hujaniambia jambo moja, huenda kwa kuwa hukulijua kuwa ni swali: farasi wake ni nani? Kila mshabiki anaye mmoja. Ukilipata jina hilo niandikie tena, mama. Wengi wa wanaokimbia Ngong leo wamezaliwa baada ya mimi kustaafu, lakini bibi zao niliwadunga sindano kwa mkono wangu.